Dakika Tano Tu, Mwalimu

Mimi si mwalimu. Nilipokabidhiwa maabara ya kompyuta ya wanafunzi nilipewa funguo mbili, daftari la mahudhurio, kompyuta 32 na meza iliyo karibu na mlango. Lakini anayekaa kwenye meza ile huitwa mwalimu tu, hasa anapotakiwa jambo. Na jambo nililotakiwa kuliko yote, kila siku, saa ya kufunga ikikaribia, lilikuwa lilelile: "Dakika tano tu, mwalimu."

Nimezitoa dakika hizo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na sijuti. Ninazozijutia ni zile nilizozitoa alasiri moja, mawingu yakiwa yameshuka hadi unaona kama yanagusa paa la jengo la pili.

Ilikuwa wiki ya kuwasilisha kazi. Wiki hiyo hata wale ambao muhula mzima huwaoni huja, wakakuuliza nywila zao kana kwamba wewe ndiye uliyezificha. Viti vyote vilikuwa na watu, wengine wawili wawili kwenye kompyuta moja. Mvua ilikuwa bado, ila ule upepo wa ghafla ulishaanza kupigapiga madirisha, na chumba kilikuwa na giza kiasi kwamba nyuso zilikuwa zinamulikwa na skrini tu. Mwanga wa radi ulipopita nikahesabu kimoyomoyo. Nilifika ishirini na nne, ngurumo ikaja. Sauti huchukua kama sekunde tatu kwenda kilomita moja, kwa hiyo ishirini na nne ni kilomita nane. Nikajiambia, bado iko mbali.

Kilomita nane si mbali. Radi huweza kuruka zaidi ya kilomita kumi kutoka kwenye wingu lake na kupiga mahali ambapo mvua haijadondosha hata tone. Ndiyo maana ipo kanuni ile ya sekunde 30: ukiona mwanga, na ngurumo ikakufikia kabla hujamaliza kuhesabu thelathini, tayari umo ndani ya uwanja wake. Nilikuwa naijua. Nilikuwa nimeichapa kwa herufi kubwa na kuibandika ukutani juu ya printa, mahali ambapo nilikuja kugundua hakuna aliyewahi kupasoma, nikiwemo mimi.

Nikapiga makofi. "Seivuni kazi zenu, tunazima."

Nusu ya chumba wakaanza kuseivu. Nusu nyingine wakaniangalia kama mtu aliyekosea mlango. Binti mmoja wa mstari wa nyuma, kompyuta namba 19, aliinua mkono bila kuinua macho. "Dakika tano tu, mwalimu. Nimebakiza marejeo."

Nikamkubalia. Na ukishamkubalia mmoja umewakubalia wote. Hata waliokuwa wameshaanza kuzima wakaghairi. Mwanga wa pili ukapita, nikahesabu hadi kumi na moja. Hapo ndipo nilipoanza kukimbia: nazima swichi za ukutani, nachomoa plagi, nawafokea watu wainuke. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Namba 19 ilikuwa bado inawaka. Kisha chumba kizima kikawa cheupe, na kwenye kabati la vifaa vya mtandao, pale kona, ukatoka mlio mmoja mkavu, tak, kama mtu aliyevunja kijiti. Ngurumo haikusubiri kuhesabiwa. Ilikuja pamoja na mwanga.

Hakukuwa na moto. Watu hutarajia moto. Kulikuwa na giza, mayowe ya wavulana na wasichana kwa usawa, na baada ya dakika moja hivi harufu kali ya kitu cha elektroniki kilichoungua. Ukiinusa mara moja hutaisahau.

Umeme uliporudi kesho yake, kompyuta zote 32 ziliwaka. Zote, hata namba 19. Nilishangilia peke yangu mle ndani. Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipofungua kabati: swichi ya mtandao, kile kifaa kinachogawa mtandao kwa kompyuta zote, ilikuwa imekufa, haina hata taa moja. Nikafunga ya akiba. Kompyuta 21 zikapata mtandao, na 11 zikaendelea kudai kwamba kebo haijachomekwa. Nikabadilisha kebo, nikabadilisha matundu, nikazima na kuwasha. Ni 11 zilezile. Na saba kati yake zilikuwa za mistari mitatu ile niliyoichomoa kwa mikono yangu mwenyewe. Hilo ndilo lililonikera. Kama zingekufa zilizokuwa zinawaka ningeelewa.

Akaletwa fundi, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Shikamoo mzee," nikamwamkia. Akaitikia "Marahaba, kijana," huku akiwa tayari ameshapiga magoti chini ya meza. Nikamweleza kwamba hizi zilichomolewa, mzee, nilizichomoa mimi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaushika waya wa buluu uliotoka nyuma ya kompyuta, akauvuta taratibu kama mvuvi anayepima uzito wa samaki, akaniuliza, "Na huu?"

Nilikuwa nimechomoa umeme. Mtandao sikuugusa. Haikunijia hata akilini kwamba waya ule ni waya.

Tukatoka nje akanionyesha njia yake. Kebo ilipoacha kabati letu ilipanda darini, ikachomoza chini ya ukingo wa paa, ikavuka hewani mita kama arobaini hadi kwenye jengo lenye ruta, kifaa kinachotuletea mtandao. Aliyeifunga zamani hizo alitumia kebo ya shaba ya kawaida, ile ya ndani. Waya mrefu wa shaba ulioning'inia nje ni antena, upende usipende. Radi ya wastani hubeba mkondo wa ampea kama 30,000, na mkondo wa namna hiyo ukitokea ghafla jirani na waya wako, waya hujipatia umeme bila kuguswa. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alilionyesha jambo hilo mwaka 1831 kwa sumaku na misokoto ya waya, na ndilo linaloendesha majenereta mpaka leo. Kwetu liliendesha kitu kingine.

Halafu kuna suala la ardhi, ambalo ndilo nililojifunza siku hiyo na sijawahi kuacha kulifikiria. Radi inapozama ardhini, udongo wenyewe hupanda volti pale ilipozama, na volti hiyo hupungua kadiri unavyokwenda mbali. Jengo lile lina waya wake wa ardhi, letu lina wake. Kwa kitambo kidogo sana majengo mawili yanakuwa na "sifuri" mbili tofauti. Mzee alitumia mfano wa matangi: chukua matangi mawili yenye maji ya kimo tofauti, yaunganishe kwa bomba jembamba, uone maji yatakavyolifanya bomba. Bomba letu lilikuwa ile kebo ya buluu. Nyuma ya kila tundu la mtandao kuna transfoma ndogondogo zilizotengenezwa kuhimili volti 1,500 kati ya kebo na kompyuta. Siku ya kawaida ni kinga tosha. Siku ile zilikuwa karatasi.

Dawa yake ni fiba, kebo ya nyuzi za kioo, kati ya majengo, maana kioo hubeba mwanga, na mwanga haujui habari za volti. Hata hapo mzee aliongeza neno: fiba nyingine za nje huwa na waya au ganda la chuma ndani ili zisikatike zikivutwa, na chuma hicho kikiingizwa chumbani bila kuunganishwa na ardhi unakuwa umerudi ulikotoka. Kibali cha kupata kebo mpya ya mita arobaini kilichukua muhula mzima. Sitaki kuandika zaidi kuhusu kibali hicho.

Kabla hajaondoka aliomba bisibisi akafungua mojawapo ya zile ekstensheni "za kinga" tulizokuwa tukiziamini. Ndani yake mlikuwa na kidude bapa cha duara, rangi ya buluu, ukubwa wa kifungo cha koti, kimepasuka katikati na kuacha masizi kwenye plastiki. Hiyo ndiyo varista, na ndiyo kinga yote unayoinunua. Imetengenezwa kwa punje za oksidi ya zinki zilizoshikanishwa; umeme wa kawaida haupiti ndani yake, lakini volti ikizidi kiwango fulani hugeuka njia na kuimwaga ziada, kwenye nyutro (waya wa kurudishia umeme) na kwenye waya wa ardhi. Kila inapofanya kazi hiyo inachakaa kidogo. Kinga ya ekstensheni haikai milele kama meza. Huliwa polepole, na siku moja inakwisha huku ekstensheni ikiendelea kutoa umeme vizuri kabisa. Yetu hata taa yake nyekundu ilikuwa bado inawaka. Kwenye baadhi ya ekstensheni taa hiyo humaanisha kinga ipo. Kwenye nyingine humaanisha umeme upo, basi. Maandishi madogo kando ya taa ndiyo hukuambia, na yetu hayakuwa na maandishi.

Akapima pia soketi zetu. Soketi tano hazikuwa na waya wa ardhi nyuma yake. Tundu la tatu lilikuwepo, plagi ikaingia, kila kitu kikawaka, lakini tundu hilo lilikuwa pambo. Ekstensheni ya kinga ukiichomeka pale, ziada ya umeme ambayo ilipaswa kumwagwa ardhini haina pa kwenda.

Nikamuuliza kuhusu stabilaiza yetu kubwa ya ukutani, ambayo mimi niliihesabu kama ngome. Akatabasamu. Stabilaiza ni ya umeme unaopanda na kushuka. Pigo la radi huanza na kwisha kwa mikrosekunde, kabla stabilaiza haijajua kuna nini. Na ile fimbo ya chuma juu ya paa, ambayo dunia humpa sifa yake Mmarekani Benjamin Franklin tangu miaka ya 1750, kazi yake ni kulinda jengo lisipasuke wala kuungua. Haina habari na kompyuta yako.

Swichi ya ukutani je? Hili ndilo wanafunzi hubishana nalo zaidi. Radi imekuja ikiruka kilomita kadhaa za hewa tupu. Nafasi iliyomo ndani ya swichi iliyozimwa ni milimita chache. Isitoshe, swichi nyingi hukata waya mmoja tu, ule wa moto, na nyutro hubaki imeungana. Kinga ninayoiamini mimi ni plagi iliyolala juu ya meza, mita nzima kutoka ukutani, na waya wa buluu umelala kando yake.

Lakini mzee hakunikemea kwa ajili ya vifaa. Alinikemea kwa ajili ya mikono yangu. "Ulihesabu kumi na moja, kijana, halafu ukaenda kushika plagi?" Kumi na moja ni chini ya kilomita nne. Mtu mwenye kichwa kamili hushika plagi mapema, au haishiki kabisa. Dhoruba ikishakufikia, acha viungue. Kompyuta hununuliwa.

Baadaye nilisoma habari za mwanafizikia Georg Wilhelm Richmann, na sasa huwasimulia wanafunzi wapya badala ya kuwasomea kanuni. Mwaka 1753, mjini St. Petersburg, Richmann alikuwa ametega kifaa nyumbani kwake cha kupima umeme wa mawingu: fimbo juu ya paa, waya unashuka ndani hadi kwenye kifaa. Dhoruba ilipokuja alisogea kusoma kipimo. Cheche ikaruka kutoka kwenye kifaa ikampiga kichwani, akafa hapohapo. Alikuwa ndani ya nyumba, chini ya paa, mkavu. Kilichomuua ni kuwa karibu na waya uliotoka nje. Huwa nanyamaza hapo kidogo, na macho yao yenyewe hushuka hadi kwenye waya wa buluu mbele yao. Wengine huvua na vile visikilizio vya waya.

Yule binti wa namba 19 alikuja kwenye meza yangu siku ya pili. Alikuwa anaandika moja kwa moja kwenye flashi, nayo ilikuwa imechomekwa umeme ulipokatika. Faili lilikuwepo, jina lake lipo, ukubwa wake upo, ila lilikataa kufunguka. Kompyuta haiandiki papo hapo kila unachokibonyeza. Hukishika kwanza kwenye kumbukumbu kisha hukimwaga kwenye diski au flashi inapopata nafasi, na umeme ukikatika katikati ya kumwaga, unabaki na nusu ya kitu. Nakala nyingine aliyokuwa nayo ni ile aliyomtumia msimamizi wake kwa barua pepe siku nne nyuma. Siku nne za kazi, wiki ya kuwasilisha. Hakunilaumu. Alisema, "Ni mimi niliyeomba, mwalimu," akaenda kukaa kwenye mojawapo ya kompyuta zilizokuwa bado na mtandao, akaanza upya kuanzia ukurasa wa ishirini na mbili. Angenifokea ningepata nafuu.

Ndipo nikaelewa kwamba tatizo la maabara yangu halikuwa kukosa vifaa vya kinga. Uamuzi wa kuzima niliuacha usubiri mvua. Mawingu yakishashuka, daima kuna mtu aliyebakiza marejeo, na daima mtu huyo ana haki. Ukianza kupima haki yake dhidi ya mwendo wa radi, umeshachelewa. Kwa hiyo niliuhamisha uamuzi kutoka kwenye siku ya dhoruba na kuupeleka kwenye siku ya jua.

Nilianza na mazoezi. Asubuhi moja anga likiwa jeupe, bila hata wingu, nikapiga makofi na kusema tunazima kama vile radi iko kilomita kumi. Walicheka. Ilituchukua dakika kumi na nne, na mwisho nilikuta waya nane za buluu bado zimechomekwa. Tukafanya tena wiki iliyofuata. Nikateua mtu mmoja kwa kila mstari, na kila plagi ya mstari nikaizungushia tepu nyekundu, na kila ncha ya waya wa mtandao nikaizungushia tepu hiyohiyo, ili kazi iwe rahisi kama kutazama: nyekundu yoyote ikiwa bado imo mahali pake, hujamaliza. Nikapanga upya nyaya kila mstari utegemee soketi moja ya ukutani, kwa hesabu ya mzigo aliyonifanyia mzee mwenyewe, maana kurundika ekstensheni juu ya ekstensheni ni moto unaosubiri siku, hata bila radi. Mwisho tulifika chini ya dakika nne.

Kuhesabu sekunde nako niliacha kwa upande wa kuzima. Ukisikia ngurumo, hata ile ya mbali inayofanana na lori linalopita, tunazima. Hakuna mjadala wa ilikuwa lori au haikuwa lori. Tumewahi kuzima kwa ajili ya lori mara mbili. Wote tuliona aibu kidogo, kisha tukawasha.

Mambo mengine yalinifundisha yenyewe. Projekta yetu ya taa, kwa mfano, haipendi kukatiwa umeme ghafla; feni yake hubaki ikipoza taa baada ya kuizima, na ukichomoa kabla feni haijamaliza unaikaanga taa. Basi projekta huzimwa ya kwanza na kuchomolewa ya mwisho. Printa ya leza sasa imetolewa kwenye UPS, lile sanduku la betri linaloshikilia umeme ukikatika. Mtu aliyekuwepo kabla yangu alikuwa ameichomeka humo kwa nia njema, lakini printa hiyo inapopasha moto sehemu ya kuunguzia wino hunyonya umeme mwingi kwa mkupuo, na UPS ndogo hulia kama kuku aliyekanyagwa. Wenye kompyuta mpakato ndio wabishi kuliko wote: "Mimi niko kwenye betri, mwalimu." Ndiyo, uko kwenye betri, na chaja yako iko ukutani, na waya wa chaja uko mapajani kwako.

Kuhusu UPS zenyewe nina malalamiko marefu ila nitayafupisha. Nyingi za bei rahisi hupitisha umeme wa ukutani moja kwa moja na kuhamia kwenye betri umeme unapokatika. Uhamaji huo huchukua milisekunde chache, na pawa saplai, sehemu inayoilisha kompyuta umeme, hujikaza kwa milisekunde kumi na kitu, kwa hiyo huoni tofauti. Hapo ni sawa. Lakini betri zake ni za risasi na asidi, hudumu miaka mitatu hadi mitano, na hakuna anayezikumbuka mpaka siku zinapohitajika. Nilipozijaribu zetu kwa kuchomoa ukutani, nne kati ya sita zilizimika hapohapo. Zilikuwa mawe ya kuegemezea daftari. UPS ni ya kukupa muda wa kuhifadhi na kuzima kwa utulivu. Wanafunzi huidhani ni jenereta, wakaendelea kuandika.

Na umeme kurudi, watu huusahau. Wengi hukaa kompyuta zikiwa zimechomekwa gizani wakisubiri, na taa zikiwaka hushangilia. Mimi huogopa dakika ile kuliko dakika ya kukatika. Umeme hurudi ukiyumba, huja, huondoka, huja tena, na kila friji, pampu na feni ya mtaa mzima inaamka kwa mpigo mmoja. Nimeona pawa saplai tatu zikifa kwa umeme uliorudi, siku ambayo hata mvua haikunyesha. Sisi husubiri dakika kumi baada ya taa za chumba kutulia, ndipo tunachomeka mstari mmoja, tunauacha uwake wote, kisha wa pili.

Maji sina mengi ya kusema. Tazama dari kiangazi, si masika. Ekstensheni isilale sakafuni. Ifunge mguuni mwa meza. Kompyuta iliyolowa usiiwashe "kuona kama nzima", kwa sababu huko kuiwasha ndiko kunakoiua. Ichomoe, ifungue, iache siku kadhaa mahali pakavu penye hewa. Nilimwona mwanafunzi akiiwasha kibodi iliyolowa huku akiipuliza kwa mdomo. Sikuwa na nguvu za kumuuliza.

Mwaka jana dhoruba kubwa ilitukuta saa kumi. Ngurumo ya kwanza ilikuwa hafifu, mimi nilikuwa nimeinamia daftari na sikuisikia. Niliposhtuka nilisikia mlio wa viti, kisha mlio mwingine niliouzoea siku za mazoezi, ule wa klipu ndogo za waya wa mtandao zikibonyezwa, tik, tik, tik, mstari baada ya mstari. Nilipofika katikati ya chumba nyekundu zote zilikuwa zimelala juu ya meza. Watu wakavuta viti mbali na kuta, mbali na madirisha, wakakaa kwa duara lisilo na umbo. Mtu mmoja alitaka kukimbilia bwenini kabla mvua haijakolea, tukamkalisha. Nje ilipiga mara nyingi, mara mbili karibu sana, chumba kikawa cheupe kama siku ile. Kabatini hakukusikika kitu.

Kutoka nje, au kuchomeka tena, husubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Hapo kwenye kusubiri bado nahesabu, kwa saa ya simu. Dakika ya kumi wakaanza kusimuliana vichekesho. Dakika ya ishirini na tano mvua ilikuwa imebaki manyunyu na jua limeanza kupenya kwa upande wa magharibi, na vijana wawili walikuwa wameshapiga magoti karibu na soketi zao, plagi mkononi.

"Zimebaki dakika tano tu, mwalimu," mmoja akasema.

Nikatazama simu. Kweli zilibaki tano. Nikafungua mdomo kumjibu, na huko mbali, nyuma ya mwangaza wote ule, likapita lori, au kitu kinachofanana na lori. Tukatazamana. Yule kijana akaiweka plagi mezani, nami nikairudisha saa kwenye sifuri.